Zindiko la Chuma

Mdogo wangu anajenga Nyegezi, Mwanza, kwenye ule mgongo wa mawe ambao kila mwenye kiwanja huusifia mandhari yake mpaka siku ya kuchimba msingi. Nyumba ilipofikia kuezekwa, alitokea kijana mmoja na pikipiki, kavaa fulana yenye nembo, kabeba boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na kitu kama yai la chuma kisichoshika kutu, lenye ncha juu na shingo chini. Kijana akalipangusa kwa kitambaa kabla ya kumkabidhi alishike. Akaeleza kwamba yai hilo, likisimikwa juu ya bomba la mita tano, linakinga radi ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 97. Nyumba imo, banda la kuku limo, tangi la maji limo, na majirani wa pande zote wamo bila kuchangia kitu. Bei ni milioni nne na laki mbili, ufungaji ndani yake.

Jioni nikapigiwa simu. "Kaka, huyu bwana anasema nikiweka hili dude hata yule jirani tusiyesalimiana nitakuwa nimemkinga. Nifanyeje?"

Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka nisome. Nimesoma kwa majuma matatu, na jibu nililompa ni fupi kuliko njia niliyopita kulitafuta. Yai lile ni nondo. Ni nondo nzuri inayong'aa, lakini ni nondo. Litafanya kile ambacho nondo yoyote ya kimo kile ingefanya, na kila kilichoandikwa zaidi ya hapo kwenye kipeperushi ni zindiko.

Neno zindiko nimelichagua kwa makusudi, na nitalirudia baadaye. Kwanza niseme kwa nini sikumcheka kijana wa watu.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna ubavu wa kucheka na radi. Tarehe 17 Oktoba 2018 iliua wanafunzi sita wa shule ya msingi mjini Geita. Tarehe 27 Januari 2025 ikaua saba wa Sekondari ya Businda, Bukombe, mkoa ule ule. Huko Kiryandongo, Uganda, tarehe 28 Juni 2011, Shule ya Msingi Runyanya ilipoteza watoto 18 kwa pigo moja. Machi 2018 waumini 16 walikufa kanisani Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, na Novemba 2024 wakimbizi 14 wakafa wakiwa kwenye ibada katika kambi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda. Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona jambo linalotia ubaridi. Hawa hawakuwa chini ya mwembe wala katikati ya shamba la mpunga. Walikuwa darasani, walikuwa kwenye ibada. Walifanya tunachoambiwa siku zote tufanye: mvua ikianza, kimbilia ndani.

Na radi ipo ya kutosha. Setilaiti iliyohesabu miale ya umeme kati ya mwaka 1998 na 2013 iliiweka Kabare, mashariki mwa Kongo, katika nafasi ya pili duniani, kwa miale 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka; ni Ziwa Maracaibo tu huko Venezuela lililoipita, kwa 233. Ziwa letu lina tabia yake pia: usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote ukakutana katikati ya maji, hewa yenye unyevu ikapanda, na wavuvi wa dagaa wakajikuta chini ya ngoma inayopigwa hadi alfajiri. Kwa hiyo mwenye kuuza kinga ya radi Mwanza hauzi barafu kwa watu wa nchi za baridi. Mahitaji ni ya kweli, hofu ni ya kweli, na misiba ni ya kweli. Ndiyo maana bidhaa isiyo ya kweli inauma zaidi.

Nilikulia kwenye nyumba ambamo wingu likishaiva, mama alifunika kioo cha kabati kwa khanga, akazima redio na kuchomoa waya wake ukutani, akatuvua chochote chekundu. Katika hayo matatu ni la redio tu lililokuwa na maana, na ndilo alilolifanya bila msisitizo wowote. Mtaani kulikuwa na watu waliojua fulani karushiwa radi na nani, na kwa sababu ya shamba gani. Sumbawanga ilibebeshwa sifa ambayo wenyeji wake wamechoka kuikanusha. Mwenye uwezo alimwita mganga akazindika nyumba: kitu kikazikwa kwenye pembe nne, maneno yakanenwa, mbuzi akaondoka na mgeni. Miaka ikapita, nyumba haikupigwa, na zindiko likapata jina.

Wala tusijione peke yetu. Mfalme Charlemagne, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, aliagiza mtunza bustani wake apande juu ya nyumba mmea mdogo wenye majani manene, ulioaminika kufukuza radi. Makanisa ya Ulaya yalipiga kengele ili kuvunja dhoruba. Kitabu kilichochapishwa Munich mwaka 1784 kilihesabu kwamba ndani ya miaka 33 radi ilipiga minara 386 ya makanisa na kuua wapiga kengele 103. Mtu anashika kamba iliyolowa, ndani ya jengo refu kuliko yote kijijini, katikati ya dhoruba. Huwezi kubuni njia bora zaidi ya kumtoa mtu kafara, na bado desturi ile ilidumu karne kadhaa kwa sababu dhoruba zote huisha, na iliyoisha kengele ikilia ilihesabiwa kuwa imefukuzwa na kengele.

Kisha akaja Benjamin Franklin. Mwezi Mei mwaka 1752, kijijini Marly nchini Ufaransa, Wafaransa walilijaribu wazo lake kwa kusimika chuma kirefu na kuchota cheche kutoka kwenye wingu la radi. Lakini Franklin alikuwa na mawazo mawili, moja bovu na moja zima. La kwanza lilikuwa kwamba ncha kali itamwaga umeme wa wingu kimyakimya, kama mtu anayetoboa mfuko wa maji, hata radi isipige kabisa. La pili lilikuwa kwamba radi ikipiga hata hivyo, chuma kitaibeba hadi ardhini bila kugusa nyumba. La pili ndilo lililookoa majengo ya dunia. La kwanza lilikuwa kosa, na hadi leo linauzwa likiwa limefungwa kwenye boksi jipya.

Ili uone kosa liko wapi, inabidi ujue radi inavyoshuka. Haianguki kama nazi. Kutoka winguni hutoka mtangulizi, mkondo wa umeme usioonekana kwa macho, unaoshuka kwa hatua za mita 50 hivi, unasita, unachagua, unaruka tena, ukitoa matawi kila upande. Akikaribia ardhi, kila kilicho kirefu huanza kutoa mpokezi wake: mti, mnara, pembe ya bati, hata kichwa cha mtu. Wapokezi hawa hupanda kumlaki mgeni, na yule atakayemfikia kwanza ndiye mwenye mgeni. Njia ikishaungana, ndipo mkondo mkubwa unapopita, kwa kawaida ampea 30,000 hivi, na hewa ya ndani ya njia hiyo ikapata joto kama mara tano ya lile la uso wa jua. Kung'aa na kishindo tunachokisikia ni karamu yenyewe. Mapokezi yalikwisha zamani.

Wenye yai wanasema hivi: kifaa chetu humtoa mpokezi mapema kuliko nondo ya kawaida, tuseme kwa maikrosekunde 60, yaani sehemu 60 za milioni moja ya sekunde. Mpokezi huyo, wanasema, hupanda mita moja kila maikrosekunde. Basi atakuwa ametangulia mita 60, na ni kama una nondo ndefu mno isiyoonekana. Kuna kiwango rasmi cha Kifaransa chenye namba NF C 17-102, kilichotolewa mwaka 1995 na kurekebishwa 2011, ambacho kina kanuni ya kugeuza maikrosekunde hizo kuwa mita za ulinzi. Mita 97 za kijana wa pikipiki zimetoka humo. Hakuzizua.

Nilichukua karatasi na kalamu. Kwa daraja la ulinzi alilolitaja, nondo ya kawaida ya mita tano hulinda mita 20 hivi pande zote, kwenye usawa wa chini yake. Ukiingiza zile mita 60 za kutangulia, kanuni inatema 97. Sasa, watafiti waliopima wapokezi wa radi halisi, hii ya mawinguni, wamekuta kwamba mwendo wao ni mdogo kwa takriban mara kumi kuliko ule uliowekwa kwenye kanuni. Kwa hiyo maikrosekunde 60 si mita 60, ni 6. Nikaweka 6. Jibu likawa mita 32. Kwa sifuri moja, mita 65 za ulinzi zimeyeyuka, na pamoja nazo banda la kuku na jirani asiyesalimiwa.

Hata hizo 32 ni za huruma, kwa sababu zinakubali kwamba mpokezi aliyetangulia ataishi. Mpokezi hupanda kwa kulishwa na uga wa umeme unaomzunguka. Akitoka kabla mtangulizi hajakaribia, uga bado ni dhaifu. Anakufa hatua chache kutoka mlangoni, na wa pili itabidi asubiri wakati ule ule ambao nondo ya fundi wa mtaani ingesubiri. Maikrosekunde zile zilipimwa maabara, kwenye cheche ya mita chache. Kupima kifaa cha radi kwa cheche ya maabara ni kama kumpima nahodha kwenye karai.

Lakini hesabu ya mwandishi wa gazeti si ushahidi. Ushahidi ni kusimika vitu mlimani na kungoja. Hilo lilifanywa na Charles Moore na wenzake huko New Mexico, Marekani, kwenye mlima wenye zaidi ya mita 3,000 kwenda juu. Walisimika nondo zenye ncha kali, nondo zenye kichwa butu, na vifaa hivi vya kuwahi kumtoa mpokezi, vikishindana karibu karibu, kwa miaka saba. Katika miaka yote hiyo radi haikupiga ncha kali hata moja. Haikupiga hata kifaa kimoja cha kuwahi. Ilipiga butu, mara kadhaa, na zaidi zile zenye unene wa milimita 19 hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000.

(Hapa nashindwa kujizuia. Mwaka 1777 radi ilijeruhi jengo kwenye ghala la baruti la Purfleet, Uingereza, lililokuwa limewekewa ncha kali za Franklin. Ukazuka ugomvi mkubwa kati ya watu wa ncha na watu wa vifundo. Mfalme George III, aliyekuwa na ugomvi wake mwingine na Franklin kuhusu makoloni, akashika upande wa vifundo. Wapo wenye elimu waliomcheka. Miaka zaidi ya 220 baadaye, mlima wa New Mexico unaelekea kumwambia mfalme kwamba hakuwa mbali sana na ukweli, ingawa kwa sababu zisizo zake.)

Malaysia nako walikwenda njia nyingine, rahisi na ya kikatili zaidi. Kuala Lumpur ni mji wenye ngurumo nyingi mno, na kuanzia miaka ya 1990 majengo mengi marefu yaliwekewa vifaa vya namna hii. Mhandisi Hartono Zainal Abidin na mwenzake wakazunguka na kamera. Wakapiga picha pembe za maghorofa kabla na baada. Saruji imemeguka, kipande kimeanguka, na mita chache kutoka hapo, juu kabisa, kifaa kimesimama salama, kikiwa ndani ya duara ambalo hakikulilinda. Picha hizo ndizo nilizomtumia mdogo wangu, kwa sababu hazihitaji kanuni.

Marekani jambo hili lilifika mezani rasmi. Mwaka 1999 jopo huru lililopewa kazi ya kuchunguza vifaa hivi lilisema kwamba msingi wake wa nadharia na majaribio hautoshi kudai ulinzi mkubwa kuliko wa nondo ya kawaida. Kampuni zilizokuwa zikiviuza zilikwenda mahakamani. Mwaka 2003 mahakama ya shirikisho katika jimbo la Arizona iliamua dhidi yao: zilikuwa zimetangaza eneo kubwa la ulinzi zisiloweza kulithibitisha. Na kiwango cha kimataifa cha IEC 62305, toleo la 2010, kiliweka sharti ambalo ningependa libandikwe kwenye kila duka la vifaa vya umeme: kwa kinasa radi cha aina yoyote ile, eneo la ulinzi lihesabiwe kwa vipimo halisi vya chuma chenyewe tu. Kama ni mita tano, ni mita tano. Hakuna mita za ahadi.

Wapo ndugu wawili wa yai ambao nitawapitia haraka. Mmoja ni mwavuli wa miba, au fagio la waya, unaodai kuzuia radi isipige kabisa kwa kumwaga umeme wa wingu. Huyu ndiye mrithi wa lile wazo bovu la Franklin. Umeme unaovuja kwenye ncha hizo ni sehemu za milioni za ampea. Wingu la radi hujijaza upya kwa kasi ambayo miba hiyo ni sawa na kuchota ziwa kwa kijiko cha chai. Mamlaka ya anga ya Marekani ilijaribu vifaa hivyo vya miba kwenye viwanja vya ndege vya Florida mwishoni mwa miaka ya 1980, na radi ikaendelea na kazi yake. Ndugu wa pili ni kinasa chenye madini ya mnururisho, radiamu au amerisiamu, kilichobuniwa Paris mwaka 1914. Hakikuthibitika kufanya lolote zaidi ya nondo, na Ufaransa ilikipiga marufuku kuanzia mwaka 1987. Ukinunua jengo la zamani ukakuta juu yake kitu kama sahani zilizopangwa kwenye mlingoti, pamoja na alama ya mnururisho, usimpandishe kijana akakifungue kwa spana. Tafuta wenye dhamana ya mionzi.

Niwatendee haki wenye yai. Kiwango chao kipo, na si Ufaransa peke yake inayokitumia. Vifaa vimesimikwa kwa maelfu. Baadhi vimepigwa na radi kweli, vikaibeba hadi ardhini, nyumba ikapona. Sishangai. Nondo yoyote yenye waya mzuri na ethi nzuri ingefanya hivyo. Nadhani kijana aliyekuja Nyegezi aliamini kila neno alilosema. Alipobanwa, alijibu kwa swali ambalo nalo ni la haki: "Mzee, tumefunga nyingi. Umewahi kusikia nyumba yenye kifaa chetu imepigwa?"

Sijawahi. Na hapo ndipo ninaporudi kwa mganga.

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 10, kimo mita 5. Wahandisi huihesabia eneo la kukusanya radi linalotanuka kila upande kwa mara tatu ya kimo chake. Kwa nyumba hii ni kama mita za mraba 1,400. Tuseme unaishi mahali pabaya, ambapo radi 10 hufika ardhini kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka; hicho ni kiwango kikubwa, maana miale mingi inayohesabiwa na setilaiti huishia mawinguni. Zidisha uone. Nyumba yako itapigwa mara moja katika miaka 70 hivi.

Sasa nipe mfuko wa chumvi niupake rangi ya fedha. Niuze kwenye nyumba mia. Katika mwaka mzima itapigwa moja, labda mbili. Nyumba 98 zitanipa ushuhuda, na wenyewe watanishika mkono sokoni. Yule mmoja aliyepigwa nitamwambia waya ulilegea, au ethi ilikauka kiangazi, au hakuita ukaguzi wa mwaka. Mganga naye humwambia mteja kwamba alivunja mwiko. Hakuna biashara salama kama kuuza kinga ya jambo linalotokea mara moja katika maisha ya nyumba: anayekulipa leo atakuwa kaburini, kwa ugonjwa mwingine kabisa, kabla bidhaa yako haijajaribiwa. Ndiyo maana mlima wa New Mexico na picha za Kuala Lumpur zina uzito ambao shuhuda elfu za wateja hazina. Kule walikwenda mahali radi inapopiga, wakaangalia inapiga wapi.

Mtu ataniuliza, kama uwezekano ni mdogo hivyo, kwa nini nyumba iwekewe chochote? Ni swali zuri, na kwa nyumba moja ya familia bondeni, kati ya miti na majengo marefu, mimi mwenyewe ningejibu kwamba anza na mambo mengine. Kwa nyumba ya mgongo wa mlima, kwa darasa lenye watoto 60, kwa kanisa lililo peke yake kwenye kilima, jibu linageuka, kwa sababu pigo moja linakuta watu wengi.

Na hapa ndipo wauzaji wa ncha wanaponiudhi kuliko mahali pengine. Wanatufanya tutazame juu, wakati watu wengi wanauawa na kinachopita chini na ubavuni. Madaktari wanaofuatilia majeruhi wa radi wanakadiria kwamba wanaopigwa moja kwa moja ni watatu hadi watano katika kila mia. Karibu nusu huuawa au kuumizwa na mkondo unaosambaa ardhini baada ya radi kutua karibu, na wengi wa waliobaki na cheche inayoruka kutoka kwenye kitu kilichopigwa kuwafuata wao. Darasa la matofali ya udongo lenye bati juu lisilounganishwa na ardhi ni mtego wa namna hiyo. Radi inafika kwenye bati bila shida, bati ni chuma, lakini kutoka hapo haina njia. Itaitafuta. Na kitu chenye maji na chumvi, kilichosimama kati ya bati na sakafu ya udongo, ni mtoto.

Huko Marekani miaka ya 1940 radi iliua zaidi ya watu 300 kwa mwaka. Sasa hawafiki 30, na watu wameongezeka maradufu na zaidi. Hakuna yai lililofanya hivyo. Wakulima walipungua mashambani, na waliobaki waliingia kwenye nyumba zenye mabomba ya chuma na nyaya za umeme ndani ya kuta, vitu ambavyo, bila kukusudiwa, huibeba radi pembeni hadi ardhini na kuwaacha watu katikati wakiwa wazima.

Kwa hiyo kazi halisi ni ya kuchosha na haina kipeperushi cha rangi. Fito fupi kadhaa kwenye kilele na pembe za paa, badala ya moja ya ajabu katikati. Bati liunganishwe nazo. Ila fahamu kwamba bati la geji 30 tunaloezekea wengi lina unene wa karibu milimita 0.3, na kiwango cha kimataifa kinataka chuma cha angalau nusu milimita kabla hakijaruhusu paa lenyewe litumike kama kinasa. Waya wa kushusha uwe zaidi ya mmoja, pande zinazotazamana, ili mkondo ugawanyike. Kila chuma kikubwa cha nyumba kifungwe pamoja, ili radi ikipita pasiwe na sababu ya cheche kuruka kutoka kimoja hadi kingine. Halafu ardhi.

Neno moja kuhusu friji gadi, maana kila nyumba inayo. Kile kidude hukata umeme ukishuka au kupanda kupita kiasi, na kwa mgao wetu kinaokoa friji nyingi. Dhidi ya radi kinachelewa. Radi imeshapita kabla swichi yake haijafikiria. Kinachosaidia ni kizuia mawimbi ya umeme kinachofungwa kwenye mein swichi, chenye waya mfupi na mnene kwenda ethi, na zaidi ya hapo ni kile alichofanya mama: kuchomoa.

Nyegezi, tulipoanza kazi hiyo, ardhi ndiyo iliyotutesa. Mhandisi mmoja mstaafu, rafiki wa baba yetu, alikubali kuja kwa nauli na sato wawili. Ethi rodi ya kwanza iliingia nusu mita ikagonga jiwe. Ya pili vilevile. Mita yake ikasoma omu 46, wakati kinachopendekezwa ni chini ya 10. Fundi wetu akashauri chumvi na mkaa, dawa ya miaka yote. Mzee akakataa chumvi: mvua mbili tatu itakuwa imeoshwa, na kabla ya hapo itakuwa imeila fito. Akaagiza mtaro wa nusu mita kwenda chini, mita moja kutoka ukutani, uzunguke nyumba nzima, na waya ulazwe humo kama mshipi. Penye jiwe, mtaro ukalizunguka jiwe. Siku nne za sururu. Tulipomaliza mita ikasoma 14.

"Si kumi," mdogo wangu akasema.

"Mwanza hii, si kumi," mzee akasema. "Lakini sasa radi ikishuka, ardhi yote ndani ya mshipi huu itapanda pamoja na nyumba. Wewe ukisimama sebuleni, mguu wa kulia na wa kushoto haitajua tofauti. Hicho ndicho unachonunua."

Gharama yote ilikuwa milioni tatu kasoro, ukiondoa sato. Hakuna kinachoonekana isipokuwa vifito vinane juu ya bati, ambavyo mke wa mdogo wangu anasema vinafanana na vijiti vya mishikaki, na nyaya nne za shaba zinazoshuka kwenye pembe.

Zilikuwa nne. Mwezi uliopita walinzi waliamka wakakuta mbili za upande wa nyuma zimekatwa kuanzia dirishani hadi chini, na shaba hiyo sasa hivi pengine imeshapimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwenye mahesabu yetu yote, hilo la wezi hatukuliweka. Mzee alipopigiwa simu hakushangaa. Alisema shuleni na misikitini ndivyo mifumo mingi inavyokufa, paa linabaki na ncha na chini hakuna waya, na jengo la namna hiyo lina hatari zaidi kuliko lisilo na kitu. Amependekeza bapa za chuma kilichopakwa zinki, zisizo na soko, na mita mbili za chini zipite ndani ya bomba lililojengewa ukutani. Jumamosi fundi anaanza kugonga plasta mpya.